Idi kuwa sikukuu ya jimbo: muswada unaweza kukupa nini

Msomaji mmoja anayeishi Marekani ameniuliza hivi: "Mimi nafanya kazi kwenye ghala la mizigo, mke wangu ni muuguzi katika hospitali ya jimbo. Msikiti wetu pamoja na jumuiya nyingine mbili tumekutana na seneta wetu wa jimbo, naye amekubali kupeleka muswada wa kuifanya Idi kuwa sikukuu rasmi. Watu wamefurahi sana, wengine wanasema mwakani tutakaa nyumbani na mshahara unaingia. Mimi nina wasiwasi. Je, jimbo linaweza kuongeza sikukuu lenyewe bila serikali ya shirikisho? Na muswada ukipita, mimi na mke wangu tutapata nini hasa?"

Jimbo linaweza, tena haliombi ruhusa kwa mtu. Ila wewe wa ghalani huenda usipate hata saa moja ya mapumziko kutokana na muswada huo, na mkeo atapata kile tu kitakachowekwa katika mistari miwili mitatu ya sheria. Kwa maelezo yako, mistari hiyo bado haijaandikwa. Wasiwasi wako una msingi. Hukutaja jimbo lako, na majimbo yanatofautiana mno katika jambo hili, kwa hiyo nitakupitisha kwenye yale yaliyokwisha kufanyika kwingine; ukikaa tena na seneta utaona lipi linafanana na la kwenu.

Kuhusu mamlaka, sheria ya kwanza ya sikukuu ya serikali ya shirikisho ilipitishwa Juni 28, 1870, ikiwa na siku chache tu: Mwaka Mpya, Julai 4, Krismasi na siku ya shukrani ambayo rais angeitangaza. Hata hizo zilikuwa za watumishi wa serikali waliokuwa mji mkuu. Leo orodha ya shirikisho ina siku 11, lakini inachoamrisha ni kilekile: ofisi za serikali ya shirikisho. Haiwezi kuliamuru jimbo lifunge, wala kampuni. Kila jimbo lina orodha yake, na ndiyo maana Utah hupumzika Julai 24, Alaska Oktoba 18, na Hawaii ina siku ya Mfalme Kamehameha iliyoanza 1871, visiwa vile vikiwa bado ni ufalme. Mara nyingi majimbo ndiyo hutangulia. Siku ya Wafanyakazi ilikuwa sheria Oregon mwaka 1887, Bunge la shirikisho likafuata 1894. Juneteenth, yaani kumbukumbu ya Juni 19, 1865, siku Jenerali Gordon Granger alipotangaza mjini Galveston kwamba watumwa wa Texas wako huru, iliingia katika sheria za Texas mwaka 1979 kwa muswada wa mbunge Al Edwards. Serikali ya shirikisho iliifikia mwaka 2021.

Sasa, katika jumuiya zenu hatakosekana mtu wa kusema: tunahangaika na bunge la nini, gavana si atangaze tu? Mpeni habari za Arizona. Mwaka 1986 bunge la jimbo lilikataa muswada wa siku ya Martin Luther King. Gavana Bruce Babbitt akaitangaza sikukuu kwa amri yake mwenyewe. Mwanasheria mkuu wa jimbo akatoa maoni kwamba gavana hana uwezo huo, na Januari 1987 gavana mpya, Evan Mecham, akaifuta amri ile mara tu alipoingia ofisini. Kilichojengwa kwa saini ya mtu mmoja kilibomolewa kwa saini ya mtu mmoja.

Kilichofuata kinawahusu zaidi nyinyi, kwa kuwa mko jumuiya tatu. Mwaka 1990 jambo lilipelekwa kwa wapiga kura, lakini likapelekwa kwa mapendekezo mawili. Moja lilitaka siku ya King ichukue nafasi ya Siku ya Columbus, jingine lilitaka iongezwe bila kuigusa Columbus. Waliounga mkono wakagawanyika, wengine wakachoka kusoma karatasi, na mapendekezo yote mawili yakaanguka. Ligi ya mpira wa Kimarekani ikaihamisha fainali yake ya 1993 kutoka Arizona kwenda Pasadena, California. Ndipo mwaka 1992 likaletwa pendekezo moja tu, lililoziunganisha siku za kuzaliwa za marais Washington na Lincoln kuwa siku moja ili kupata nafasi, likapita. Kwa hiyo msikiti wenu usikubali kuwa na muswada wake huku jumuiya nyingine ikiwa na wa kwake kwa mbunge mwingine. Kaeni mkubaliane kwanza, hata kama ni kwa ubishi wa usiku kucha.

Tuje kwenye kiini. Muswada unaoitwa wa sikukuu unaweza kufanya mambo yasiyofanana hata kidogo, na magazeti huyaita yote kwa jina moja.

Kuna muswada wa kutambua tu. Mwaka 2025 jimbo la Washington lilipitisha sheria ya kuzitambua Idi zote mbili, el-Fitr na el-Hajj, na habari ikasambaa kila mahali kwamba Idi imekuwa sikukuu ya jimbo. Ni kweli, lakini isome sheria yenyewe. Siku hizo zimewekwa katika orodha ya siku zinazotambuliwa, na kifungu hichohicho kinasema siku za orodha hiyo zisihesabiwe kuwa sikukuu za kisheria kwa jambo lolote. Ofisi hazifungwi, mshahara hauguswi. Pennsylvania ilifanya hivyo mwaka 2024 kwa Diwali ya Wahindu: heshima imetolewa na ofisi ziko wazi. Sisemi kwamba jambo hilo ni bure. Mwalimu mkuu anayepanga mitihani, au meneja anayepanga mkutano mkubwa wa mwaka, akiiona siku imo katika kalenda ya jimbo ana sababu ya kuikwepa. Lakini mtu akikwambia "tumeshinda, tutakaa nyumbani" kwa muswada wa aina hii, hajausoma.

Kuna muswada wa kuchagua au kubadilishana. Texas inazo siku za hiari kwa watumishi wa jimbo: Ijumaa Kuu, na sikukuu za Kiyahudi za Rosh Hashanah na Yom Kippur. Mtumishi anayeitaka mojawapo anaichukua, ila anaitoa siku nyingine ya jimbo ambayo ofisi yake huwa wazi. California imefuata njia ya kufanana na hiyo kwa Mwaka Mpya wa Mwandamo (ule wa Wachina na jamii nyingine za Asia, si wa Hijria) mwaka 2022 na kwa Diwali mwaka 2025: mtumishi anakaa nyumbani siku hiyo kwa kutoa siku nyingine iliyo haki yake tayari. Hapa gharama kwa jimbo inakaribia sifuri, na ndiyo sababu miswada hii hupita. Hapohapo mtumishi ana haki anayoweza kuidai kwa karatasi.

Kuna aina ya katikati ambayo watu wengi hawaijui. Juneteenth ya Texas ni sikukuu ya jimbo, lakini sheria inadai kila ofisi ibaki na watumishi wa kutosha kuhudumia umma. Wengine wanapumzika, wengine wanakaa zamu na kulipwa muda huo kwa kupewa mapumziko baadaye. Mlango haufungwi.

Na kuna sikukuu kamili: ofisi zinafungwa, mahakama hazikai, watumishi wanalipwa wakiwa nyumbani. Hii ndiyo watu wako wanayoiota, na ndiyo ngumu kuliko zote. Majimbo mengi yakiiongeza siku ya namna hii hutoa nyingine. Colorado mwaka 2020 iliiondoa Siku ya Columbus na kuweka siku ya Frances Xavier Cabrini, mtawa aliyehudumia wahamiaji. Virginia mwaka huohuo iliifuta siku ya majenerali Lee na Jackson, ikaweka siku ya uchaguzi. Carolina Kusini mwaka 2000 iliipitisha siku ya King kuwa sikukuu kamili, lakini katika sheria ileile ikaipa hadhi hiyo na siku ya kuwakumbuka askari wa upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kura za kupitisha moja zilinunuliwa kwa nyingine. Msishangae mkiambiwa mfanye biashara ya namna hiyo. Amueni mapema ni ipi mtaikataa. Na jueni kwamba siku iliyoingia kwa sheria hutoka kwa sheria: mwaka 2009 California, ikiwa imebanwa na bajeti, iliwaondolea watumishi wake mapumziko ya Columbus na ya kuzaliwa kwa Lincoln.

Umeuliza kuhusu mkeo. Yeye ni mtumishi wa jimbo, kwa hiyo muswada unamgusa, lakini ni muuguzi, na hospitali haifungwi hata kwa Krismasi. Maana yake, sikukuu kamili haimpi mapumziko; inampa malipo ya ziada au siku ya kufidia akipangiwa zamu, kwa kadiri mkataba wa chama chao cha wafanyakazi unavyosema. Muswada wa kuchagua unaweza kumfaa zaidi, kwa sharti kwamba umeandikwa vizuri. Ukisema tu kwamba mtumishi "anaweza kuomba" siku ya Idi, msimamizi wa wodi anaweza kukataa kila mwaka na hakuna pa kushtaki. Jimbo la Washington lina kifungu cha mwaka 2014 kinachofaa kuigwa: mtumishi wa umma anastahili siku mbili kwa mwaka, zisizo na malipo, kwa sababu ya imani au dhamiri, na mwajiri lazima aziruhusu isipokuwa kutokuwepo kwake kunaleta ugumu mkubwa au anahitajika kwa usalama wa umma. Mzigo wa kueleza uko kwa mwajiri. Ningekuwa mimi, sentensi hiyo ya mwisho ningeipigania kuliko jina la Idi lenyewe kuandikwa juu ya muswada.

Na kabla ya yote, mkeo awaone viongozi wa chama chao. Pale ambapo sikukuu za watumishi zinapangwa katika mkataba wa pamoja, sheria mpya na mkataba wa zamani vinaweza kugongana, na mara nyingi muswada huwa na sentensi inayosema mkataba ndio utakaoshinda. Ikiwa chama hakikushirikishwa, mkeo anaweza kuwa chini ya sheria nzuri isiyomfikia.

Sasa fedha, maana hapa ndipo miswada mingi hufia, tena kimyakimya. Muswada ukishapewa kamati, wataalamu wa bunge au wa wizara ya fedha huandika makadirio ya gharama. Wajumbe wa kamati wana miswada mamia. Wengi watasoma ukurasa huo mmoja tu. Na kuna namna mbili za kuhesabu. Chukulia jimbo la kubuni lenye watumishi 30,000, kila mmoja analipwa dola 30 kwa saa, saa 8 kwa siku. Ukihesabu thamani ya siku nzima ambayo hawatafanya kazi, unapata dola 7,200,000, na mjumbe akiiona namba hiyo anaweka kalamu chini. Lakini fedha hizo zingelipwa hata bila sikukuu. Ni mshahara uleule, haukuongezeka hata senti. Gharama mpya ni ya wale wasioweza kuacha kazi: wauguzi, askari magereza, polisi wa barabara kuu, waendesha mitambo. Tuseme wako 2,000 zamuni siku hiyo, na kila mmoja analipwa mara moja na nusu juu ya malipo yake ya sikukuu. Hiyo ni dola 720,000. Namba zote mbili ni za kweli, ila moja ni mara kumi ya nyingine, na muswada wenu utaishi au utakufa kutegemea ipi imeandikwa juu ya ukurasa.

Kwa hiyo msisubiri makadirio yatoke. Seneta wenu amwombe mapema mtayarishaji atenganishe mambo hayo mawili, na mmoja wenu anayejua hesabu awe tayari kusimama mbele ya kamati kueleza tofauti kwa dakika mbili. Muswada wa kuchagua hauna tatizo hili, kwani mtumishi anabadilisha siku kwa siku. Mkimpa mjumbe mwenye shaka makadirio yanayosema hakuna gharama ya maana, mmemwondolea sababu ya heshima ya kupiga kura ya hapana.

Sikukuu kamili ina mkia mwingine ambao watu huusahau mpaka uwagonge. Neno la sikukuu ya kisheria limetajwa katika sheria nyingine nyingi za jimbo: tarehe ya mwisho ya kupeleka rufaa, siku ya kulipa kodi ya mali, mikutano ya halmashauri. Tarehe ya mwisho ikiangukia sikukuu, husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Hata kanuni za mahakama za shirikisho zinaihesabu sikukuu ya jimbo ambamo mahakama imo, kwa muda unaohesabiwa kwenda mbele kutoka tukio fulani. Mawakili na makarani wanataka kuijua siku hiyo miezi kadhaa kabla.

Hapo ndipo tunapokutana na mwezi. Mahakama haiwezi kungoja mtu apande juu ya jengo jioni ya tarehe 29 kutazama kama umeandama. Na nyinyi wenyewe mnajua: katika mji mmoja, msikiti huu unaswali Idi leo na ule wa mtaa wa pili kesho, kila upande una hoja zake. Mwandishi wa sheria hatawaamulia hilo, ataandika tarehe moja au ataandika njia ya kuipata. California, ilipokuja kwenye Mwaka Mpya wa Mwandamo, iliandika kwamba siku hiyo inalingana na mwezi mpya wa pili baada ya siku fupi kuliko zote za majira ya baridi, au wa tatu pale mwezi wa nyongeza unapoingia. Ni sentensi kavu, lakini karani yeyote mwenye kalenda ya anga anaifuata. Kwa Hijria mnaweza kusema tarehe 1 Shawwal kwa mujibu wa kalenda ya hesabu iliyochapishwa mapema, na hapo tayari baadhi ya waumini wenu watainuka kupinga.

Angalieni pia neno "kila mwaka". Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo Idi inarudi nyuma kwa siku 10 hadi 12 kila mwaka wa kawaida. Mwaka 2000 Idi el-Fitr iliangukia mapema Januari, kisha tena mwishoni mwa Desemba. Hali hiyo itarudi mwaka 2033. Sheria inayosema mtumishi ana "siku moja kwa mwaka wa kalenda" itamnyima Idi ya pili. Inayosema "siku ya Idi" bila kikomo itampa mbili, na mtu wa bajeti ataliona hilo. Njia nyepesi ni kumwachia mtumishi mwenyewe: atoe taarifa kwa maandishi siku 30 kabla, ataje siku anayokusudia, na aruhusiwe kuisogeza kwa siku moja mwezi ukichelewa. Kwa njia hiyo jimbo halihukumu suala la mwezi, na hakuna msikiti unaoonekana kupendelewa.

Wengine watawauliza kama Katiba inaruhusu jimbo kuitukuza sikukuu ya dini. Mahakama zimekwisha kulipitia kwa kutumia Ijumaa Kuu. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliiachia Hawaii Ijumaa Kuu yake. Mwaka 1995 mahakama nyingine ya rufaa, katika kesi ya mwalimu mmoja wa Illinois, iliivunja sheria iliyofunga shule zote za umma za jimbo siku hiyo, kwa kuwa jimbo halikutoa sababu yoyote isiyo ya kidini. Miaka minne baadaye mahakama hiyohiyo iliiacha sheria ya Indiana isimame, kwa sababu jimbo lilieleza kwamba linawapa watumishi mapumziko ya mwisho wa wiki ya majira ya kuchipua. Kipimo kilichotumika enzi hizo Mahakama ya Juu ilikiacha mwaka 2022, na sasa majaji wanatazama zaidi historia. Lakini kwa anayeandika muswada leo ushauri haubadiliki. Utangulizi usiwe na aya wala dua. Useme idadi ya wanafunzi wanaokosa shule siku hiyo katika wilaya zenu, wauguzi wangapi huomba ruhusa, na jinsi ilivyo taabu kwa ofisi kupanga zamu kwa kushtukizwa. Takwimu za wilaya mnaweza kuziomba kwa barua. Anzeni sasa, majibu huchukua muda.

Shule ni mlango wa pembeni usiopaswa kudharauliwa. Jiji la New York liliziweka Idi zote mbili katika kalenda ya shule zake kuanzia mwaka wa masomo 2015–16, kwa uamuzi wa jiji, bila sheria ya bunge la jimbo. Majimbo mengi yanadai takriban siku 180 za masomo, kwa hiyo bodi ya shule ikifunga siku moja hulazimika kuipata mahali pengine, lakini bodi ni watu wachache, wanachaguliwa mtaani kwenu, na mkutano wao uko wazi. Muswada wa jimbo ukisuasua, bodi inaweza kuwa imeshamaliza.

Na wewe sasa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1938 inayosimamia mishahara na saa za kazi haimlazimishi mwajiri binafsi kumlipa mtu kwa siku asiyofanya kazi, iwe Krismasi au Julai 4. Sikukuu za jimbo nazo, kwa sehemu kubwa, haziingii ghalani. Zipo tofauti chache: Rhode Island, kwa mfano, inadai kazi nyingi za siku ya sikukuu zilipwe mara moja na nusu, na orodha ya sikukuu hizo imo ndani ya sheria. Kama jimbo lako lina sheria ya namna hiyo, muulizeni seneta iwapo muswada utaigusa. Nakuonya tu: mkiigusa, wenye maduka na maghala watatuma watu wao kwenye kamati asubuhi hiyohiyo, na muswada uliokuwa wa heshima utageuka kuwa wa mishahara.

Haki yako wewe iko mahali pengine, na unayo leo hii, muswada au bila muswada. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi ampe nafasi mfanyakazi ya kutimiza ibada yake, ila ikiwa kufanya hivyo kunamletea ugumu usiostahili. Kwa miaka mingi waajiri walikuwa wakikwepa kirahisi, maana mahakama ziliridhika hata na gharama ndogo. Juni 2023, katika kesi ya Gerald Groff, mfanyakazi wa posta wa Pennsylvania aliyekataa kufanya kazi Jumapili, Mahakama ya Juu ilisema kwa kauli moja kwamba mwajiri lazima aonyeshe mzigo wa maana katika biashara yake. Kuudhika kwa wenzako au usumbufu mdogo wa kupanga ratiba havitoshi. Andika ombi lako wiki kadhaa kabla, litaje Idi kwa jina, pendekeza mwenyewe nani mtabadilishana naye zamu au siku gani utafidia, na ubaki na nakala. Hutalipwa kwa siku hiyo kama huna likizo iliyobaki, lakini kuadhibiwa ni jambo jingine. Muswada wa kutambua unaweza kukusaidia hapa kwa upande mmoja: meneja hawezi tena kusema hajui Idi ni kitu gani.

Kuhusu safari ya muswada wenyewe sitarefusha. Unaandikwa na ofisi ya waandishi wa sheria, unasomwa, unapelekwa kamati, mara nyingi ya mambo ya serikali na kisha ya bajeti, unapigiwa kura na nyumba zote mbili (Nebraska peke yake ina nyumba moja), halafu gavana anatia saini au anatumia kura ya turufu. Kinachowanasa watu ni saa. Bunge la Texas hukutana mwaka wa namba witiri tu, kwa siku 140, na baada ya siku ya 60 dirisha la kuwasilisha miswada mipya ya kawaida hufungwa. Ukikosa, unangoja miaka miwili. Kila jimbo lina tarehe zake, na muswada usiopita hadi bunge linapovunjwa huanza upya kabisa, na namba mpya, pengine na mdhamini mpya.

Mkionana na seneta tena, mwombeni awaonyeshe rasimu kabla haijapewa namba, maana baada ya hapo kila neno mnalotaka kubadili litapitia kura ya kamati. Mwulizeni mambo matatu mkiwa mmeishika mkononi: siku hii imo katika orodha ya sikukuu za kisheria au ya kutambuliwa, ombi la mtumishi linaweza kukataliwa kwa sababu zipi, na sheria inaanza kutumika lini. La mwisho hilo linasahaulika sana. Muswada ukianza kutumika Julai 1 ya mwakani na Idi el-Fitr imeshapita Machi, mkeo atakuwa zamuni Idi ya mwakani, na ya kwanza kumgusa itakuwa ya mwaka unaofuata.